Kuvuka mbuga ya Bahi kwa pikipiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ukoko wa juu na tope la chini

Mvua zikikatika, maji ya ziwa Sulunga katika mbuga ya Bahi, mkoani Dodoma, yanarudi nyuma na mbuga inabaki tambarare kama sakafu, nyeupe, inang'aa. Mwenye pikipiki anaona njia ya mkato iliyonyooka. Majibu haya ni ya waendesha bodaboda, wachuuzi wa samaki, wafugaji na wasafiri wa upande wa Bahi, na yanawahusu pia wanaopita kando ya maziwa ya chumvi ya Singida, maana ardhi yake ina tabia ileile.

Juu pamekauka mpaka pamepasuka. Inakuwaje chini kuna tope?

Bonde la Bahi halina mto unaotoka. Mto Bubu unashusha maji kutoka upande wa Kondoa, yakifika yanatuama, na njia yao kubwa ya kuondoka ni jua. Udongo wenyewe ni mfinyanzi, punje zake ndogo mno, na mfinyanzi ukishika maji hauyaachii upesi. Jua linakausha kwanza tabaka la juu. Tabaka hilo likishajifunga, linakuwa mfuniko: unyevu wa chini haupati pa kutokea, na ukaukaji unapungua sana. Fikiria utando unaoganda juu ya uji uliopoa. Ukigusa kwa kidole juu pakavu, ukibonyeza uji unatoka.

Chumvi inazidisha tatizo. Ule weupe unaouona juu umeletwa na maji yanayopanda kutoka chini. Maji yanakauka kwa jua, chumvi inabaki. Kwa hiyo mahali peupe sana ni dalili kwamba maji hayako mbali. Wengi wanasoma alama hiyo kinyume: wanaona weupe wanadhani ni ukavu.

Miezi ipi ni ya hatari zaidi?

Si masika yenyewe. Mwezi wa pili kila mtu anayaona maji na hakuna anayejaribu. Hatari kubwa ni Mei, Juni na Julai, wakati ukoko umeshaonekana mgumu lakini una unene wa vidole vichache tu. Kufikia Septemba na Oktoba sehemu nyingi za pembeni zimekauka kwenda chini vya kutosha, ingawa katikati ya bonde pasiaminiwe hata wakati huo.

Halafu inakuja mvua ya kwanza, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Hapo tatizo ni jingine. Maji yanaingia kwenye nyufa na kulainisha ukoko kwa chini, huku sentimita mbili tatu za juu zikigeuka utelezi unaonata. Udongo huo unajipakia kwenye tairi, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka. Pikipiki inasimama ghafla na dereva anaruka mbele.

Mtu ametembea juu yake akavuka salama. Kwa nini pikipiki izame?

Kwa sababu kinachovunja ukoko ni uzito unaoangukia eneo dogo. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja, ndala yake inagusa ardhi kwa sentimita za mraba kama 200. Hiyo ni chini ya nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba. Tairi ya pikipiki yenye upepo wa PSI 30 inaikandamiza ardhi kwa kilo mbili na kidogo kwa eneo hilohilo, karibu mara sita zaidi. Na pikipiki ya sisi 150 ina kilo zaidi ya mia hata kabla hujapanda, kabla hujafunga gunia la mpunga nyuma, na sehemu kubwa ya mzigo huo wote inabebwa na tairi moja.

Kwa hiyo nyayo za watu hazikuthibitishii chochote. Ila ukiona za watu zenyewe zimetitia, hata kidogo, jibu umeshalipata.

Na ng'ombe? Kundi zima limepita asubuhi.

Hili ni swali zuri, kwa sababu kwato za ng'ombe zinakandamiza ardhi kwa nguvu inayokaribia ile ya tairi. Kwato ndiyo kipimo bora ulichoandaliwa bure. Chuchumaa uangalie alama mpya, ya leo. Ikiwa kwato imeacha chapa tu juu, ardhi hapo inabeba. Ikiwa imezama vidole vitatu na ukingo wa shimo umevimba kwenda nje, chini pamelegea. Ikiwa ndani ya shimo kuna unyevunyevu au maji yamechuruzika, geuka. Usitumie alama za zamani: zilizoganda zikiwa na kina kirefu zinaonyesha hali ya wiki zilizopita, na zisizo na kina huenda upepo umezijaza vumbi.

Mchungaji anayepita hapo kila siku anajua zaidi ya ramani yoyote. Msimamishe, msalimie, muulize ng'ombe wamekwama wapi mwaka huu. Mwaka huu, kwa sababu vidimbwi vinahama.

Nitapimaje mwenyewe?

Beba kipande cha nondo ya milimita 12, urefu wa mita moja, kilichowekwa alama ya rangi au kukwaruzwa kwa msumeno kila sentimita 5. Nondo inafungwa pembeni ya kiti na haisumbui.

Shuka, acha pikipiki mahali pagumu, tembea mbele. Kila hatua 20 simamisha nondo na uisukume kwa mkono mmoja. Ikiingia kwa mkono, usipite. Ikigoma, igonge kwa jiwe, maana hapo ndipo wengi wanapokosea: ukoko unagoma, wanaridhika, wanarudi kuwasha pikipiki. Gonga hadi sentimita 50. Unachotafuta ni ule wakati nondo inapolegea ghafla na kushuka bila kugongwa. Soma alama. Ulegevu ukianza kabla ya sentimita 30, hiyo si njia ya pikipiki. Chomoa nondo uitazame: udongo mkavu unabaki vumbi, tope linang'aa na kunata.

Pima katikati ya bamba la udongo, si kwenye ufa. Ufa unapitisha hewa, kwa hiyo kando yake hukauka mapema na hukupa jibu la matumaini. Mabamba yenyewe yanasema kitu: yakiwa madogo kama sahani na kingo zimejikunja juu, lililokauka ni tabaka jembamba. Yakiwa mapana kama meza, na nyufa zinameza nondo nzima, ukavu umeshuka chini.

Kisha piga kisigino. Ardhi iliyoshiba ukavu inarudisha mshindo mzito. Ukisikia kama unagonga debe, au ukiona bamba la jirani linatikisika, rudi kwa kukanyaga nyayo zako zilezile.

Sehemu zipi hazipitiki hata kiangazi kimekolea?

Mdomo wa mto na vijito vyote vinavyoingia mbugani: mchanga juu, tope chini, maji yanaendelea kupenya hata mto ukionekana mkavu. Palipo na matete au majani mabichi wakati kila kitu kingine kimekauka. Madoa ya udongo mweusi katikati ya weupe. Kuzunguka visima vya mifugo. Palipokuwa na vidimbwi vya mwisho vya kambale, ambapo wavuvi wamechimbua na kukanyagakanyaga; mashimo hayo yanajifunika ukoko mpya ndani ya siku chache na huwezi kuyatambua kwa macho. Na pembezoni mwa tuta au barabara iliyoinuliwa, kwa kuwa maji hutuama hapo yakizuiwa kupita.

Kuna alama za tairi za jana. Nizifuate?

Alama za jana zinaonyesha kwamba kuna aliyepita jana, akiwa na uzito wake. Kila tairi inayopita inaupinda ukoko kidogo na kuusukuma unyevu juu, kwa hiyo ya kumi inaweza kuzama mahali ambapo tisa zimepita. Zikiwa nyingi kwenye mstari mmoja na katikati pameanza kuwa peusi, sogea mita kadhaa pembeni na upime upya. Na kabla ya kuzifuata, hakikisha zinatoka ng'ambo. Alama zinazoingia bila za kurudi wala kuendelea ni onyo.

Nikikimbia sana si nitapita kabla haijavunjika?

Hapana, na ushauri huu umevunja watu mabega. Kwa kilomita 40 kwa saa unakwenda mita 11 kila sekunde. Ukoko ukikatika chini ya tairi la mbele, tairi linasimama na wewe hujasimama. Mwendo unaofaa kwenye sehemu uliyokwisha kupima ni ule wa mtu anayekimbia taratibu, gia ya pili, mkono mmoja wa mafuta usiobadilika. Usifunge breki ya mbele, usikate kona kali, usisimame katikati kuongea na simu. Mkiwa wawili au watatu, achianeni mita 50, tena msifuatane kwenye mstari mmoja.

Nikipunguza upepo wa tairi inasaidia?

Kiasi. Ukishusha kutoka 30 hadi 15, tairi linalala na eneo linalogusa ardhi linaongezeka karibu mara mbili. Kwa pikipiki tupu, mwendo mdogo, ni jambo la maana. Lakini tairi lenye upepo mdogo linateleza juu ya rimu mafuta yakikazwa, linaiburuta tyubu, na mdomo wa tyubu unakatika kwenye shina. Pancha ya namna hiyo haizibwi, unahitaji tyubu nyingine. Usifanye hivyo ukiwa na mzigo, na usifanye kama huna pampu ya kujazia ukifika barabarani. Tairi kipara hapa ni hatari zaidi ya kwingine kokote, maana kashata ndizo zinazotema tope.

Usiku?

Usivuke. Taa inaonyesha rangi moja tu, kavu na bichi zinafanana. Na mchana wa saa saba pia una udanganyifu wake: mazigazi yanakuonyesha maji pasipo na maji, hadi unazoea kupuuza unachokiona, kisha unayapuuza maji ya kweli. Wakati mzuri ni asubuhi, jua likiwa chini nyuma yako, kwa sababu kivuli kinaonyesha kila shimo.

Nina abiria na mzigo.

Abiria anashuka na kutembea, awe mzee au kijana. Mwambie kabla hamjaondoka, "Mama, pale mbugani tutashuka tutembee kidogo," ili asije akadhani unamdharau. Mzigo ugawe na kuvusha kwa awamu. Tenga la samaki lililofungwa juu sana linakuinamisha nyuma, na tairi la nyuma ndilo linalotangulia kuzama. Mtoto asibebwe kabisa kwenye pikipiki mbugani.

Pikipiki imezama hadi katikati ya gurudumu. Nianzie wapi?

Zima injini. Kila ukikaza mafuta tairi linachimba, na tope linalotikiswa linakuwa laini zaidi. Shuka upande ambao ardhi imebeba.

Funga koki ya mafuta. Ondoa mzigo wote, mpaka begi. Sasa ilaze pikipiki ubavu, upande usio na ekzosi, taratibu. Kinachoishika si uzito peke yake: tairi limekaa kwenye tope kama kizibo, na ukiivuta moja kwa moja kwenda juu unapambana na mnyonyo. Ukiilaza, hewa inaingia pembeni na kizibo kinaachia. Mafuta yakivuja kwenye mfuniko wa tenki, usiwashe kitu, wala asiwepo mwenye sigara. Ekzosi bado ina moto: inaunguza shavu la mguu na inaweza kuwasha majani makavu.

Jaza shimo. Mabua ya mtama au uwele, matawi, magunia matupu, hata mkeka wa mpira. Tabaka unene wa kiganja, likanyagwe. Isimamishe pikipiki juu yake na kuigeuza ielekee ulikotoka. Usiendelee mbele hata kama ng'ambo panaonekana karibu, kwani nyuma unapajua, mbele hupajui. Washa, gia ya kwanza, simama pembeni, achia klachi kidogokidogo huku ukisukuma kwa bega. Kama kuna kamba, ifungwe chini kwenye shokapu za mbele. Ukifunga kwenye usukani pikipiki inapinduka. Wavutaji wasimame mbalimbali, si wote kwenye bamba moja.

Ukijaribu mara tatu bila mafanikio, iache. Chukua maji yako, rudi kwa nyayo zako. Pikipiki itakuwepo kesho.

Na kama mimi ndiye niliyezama? Tope litanimeza?

Halitakumeza. Tope ni zito kuliko mwili wa binadamu, kwa hiyo linakubeba juu kuliko maji. Watu wanaokufa kwenye tope hufa kwa kuchoka, jua, kiu, kuanguka kifudifudi, au maji kurudi kabla hawajatoka.

Acha kupiga mateke. Tupa mzigo. Egemea nyuma kama unayekaa kwenye kiti, mikono imepanuliwa, uzito utoke miguuni. Kisha chagua mguu mmoja. Uzungushe kwa duara dogo dogo ili maji na hewa vishuke kando yake, uvute kidogo, pumzika, zungusha tena. Mguu uliozama hadi gotini unaweza kuchukua dakika nyingi, na hiyo ni kawaida. Kama umevaa mabuti ya mpira, yaache yabaki chini. Ukishaitoa miguu usisimame. Lala, jiburute kwa tumbo au kujiviringisha hadi palipokubeba mwanzo.

Dumu tupu la lita 20, lililofungwa vizuri, likikaa chini ya kwapa linakubeba. Ndiyo sababu ya kuwa nalo.

Mwenzako akizama, usimkimbilie. Mrushie kamba, dumu, au mtandikie mabua, nawe ukiwa umelala. Kamwe usimfunge kamba kiunoni ukamvuta kwa pikipiki au gari: tope limeshika miguu, na viungo vinaachana. Mtu aliyekaa juani muda mrefu mpe maji kidogokidogo na mfunike kichwa.

Nibebe nini na niite nani?

Maji lita tatu kwa kila mtu, zaidi ya hapo kiangazi kikiwa kikali. Nondo, kamba ya mita 20, dumu, magunia mawili matupu, pampu, tyubu, filimbi. Simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko wa nailoni. Polisi wanapatikana 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji 114. Lakini mbugani atakayefika kwanza ni mwanakijiji, kwa hiyo muwe na namba ya mwenyekiti wa kitongoji, na kabla ya kuingia mwachie mtu ujumbe: unavuka wapi, utatokea wapi, saa ngapi aanze kukutafuta.

Makorongo ya mchanga nayo ni hivyo?

Yana hatari mbili. Mchanga uliolowa kwa chini unalegea ukitikiswa na kumeza tairi, na hapo mbinu za mabua na kulaza pikipiki zinafaa vilevile. Kubwa zaidi ni maji yanayoshuka bila mvua kunyesha ulipo. Mvua imenyesha milimani, wewe uko juani. Ukisikia mngurumo au ukiona majani na povu vinatangulia, iache pikipiki na upande ukingo. Maji ya kasi yanayofika chini ya goti yanatosha kumwangusha mtu.

Mbona nchi za baridi watu wanaendesha juu ya ziwa lililoganda, nasi tunaambiwa tusivuke?

Nao wanazama. Barafu na ukoko vinafanana kwa jambo moja: vyote ni mfuniko uliotengenezwa kuanzia juu, na unene wake haulingani kutoka hatua hadi hatua. Tofauti ni kwamba barafu safi ina jedwali. Idara ya Maliasili ya jimbo la Minnesota, Marekani, inataka angalau sentimita 10 kwa mtu wa miguu na kati ya 13 na 18 kwa pikipiki ya theluji, na barafu nyeupe yenye mapovu inahitaji unene mara mbili. Huko pia penye mdomo wa mto, chemchemi na matete ndipo pembamba, na theluji iliyolala juu inazuia barafu kunenepa. Wanatoboa kwa keekee na kupima, hawakisii. Mfinyanzi hauna jedwali la namna hiyo, kwa kuwa nguvu yake inabadilika kwa unyevu na chumvi.

Kama una ndugu anayekwenda kusoma au kufanya kazi Finland, Sweden au Canada, mweleze hili. Anayetumbukia kwenye maji ya barafu ana kama dakika moja ya kutweta bila kujizuia. Atulie, adhibiti pumzi. Baada ya hapo ana kama dakika kumi ambazo mikono bado inamtii. Ageukie alikotokea, kwa kuwa barafu ya huko ilimbeba, apige miguu hadi mwili ulale sambamba na maji, ajivute kwa pini za chuma zinazovaliwa shingoni, kisha ajiviringishe mbali na shimo. Asisimame.

Nimetoka. Pikipiki inahitaji nini?

Isafishwe siku hiyohiyo kwa maji baridi ya bomba au kisima, si ya dimbwi la mbugani, maana chumvi inakula spoku na rimu. Fungua breki za ndani za nyuma na mbele, futa tope kwenye viatu vya breki. Ukiliacha likaukie humo, breki itashika kwa mikwaruzo au isishike kabisa. Osha cheni kwa brashi na mafuta ya taa, ikauke, ipake oili. Toa chujio cha hewa ulitazame. Chomoa tope kwenye mdomo wa ekzosi kabla ya kuwasha.

Kisha angalia oili ya injini. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: usiwashe, mwaga, weka mpya, endesha dakika chache, mwaga tena.

Kidonda cha ekzosi kimwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Kama kimeingia tope, nenda kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda, hata kikionekana kidogo.